Kibaba Mlangoni

Kitu cha kwanza alichokiona Yudith kilikuwa mstari wa nne. Alikuwa anafagia sebule, ameinama, na alipoinuka kunyoosha mgongo macho yake yakatua kwenye mlango wa chumba chao wasichana. Mlango ule baba yake aliupaka rangi ya kijani iliyokolea, rangi ya reli aliyoibakiza kwenye kopo tangu walipokuwa kituo cha Gulwe, na chaki ilikaa juu yake kama ubaoni. Mdogo wake Aneth ndiye aliyeandika, asubuhi ile kabla ya kwenda chuoni:

KIBABA = 0
RUDIA
POKEA HABA
KIBABA = KIBABA + HABA
MPAKA HABA ZIISHE
ONYESHA KIBABA

Mstari wa kwanza ulikuwa wa herufi kubwa, uko juu karibu na msumari wa kutundikia nguo. Mingine ilibanana chini yake kama watoto waliofichwa na mama yao. Yudith alisoma polepole, midomo ikicheza. Maneno yote aliyajua. Haba na haba hujaza kibaba, nani asiyejua? Lakini mstari wa nne ulimkwama. Kibaba ni sawasawa na kibaba kujumlisha haba? Kule shuleni Gulwe, mwalimu wa hesabu angekuchapa kwa mstari kama huo. Kitu kikiwa sawa na chenyewe, kimekwisha. Hakiwezi kuwa sawa na chenyewe halafu tena kikazidi.

Angeweza kumwuliza Aneth jioni, ila Yudith alikuwa mtu wa kumeza maswali. Nyumba nzima ilimjua hivyo: ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anatazama vidole vya miguu. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka mama yao alipofanyiwa upasuaji akarudishwa kutoka hospitali hawezi hata kuinua kata ya maji. Baba yao alikuwa mtu wa reli, kazi yake kubadilisha njia na kupungia treni bendera. Asubuhi moja, bendera kwapani, alisimama mlangoni akamwambia, "Yudith, utakaa nyumbani mpaka mama yako apone." Akakaa.

Akafagia vumbi hadi nje, akarudi akausoma tena mstari wa nne.

Jioni Aneth aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma ulikuwa unakata masikio ya watu na kuwatia mchanga mdomoni.

"Dada, njoo uwe mashine."

"Leo tena?"

"Mtihani wa vitendo Alhamisi. Mwalimu Yoramu anasema asiyeweza kumwelekeza mtu wa kwao nyumbani, hawezi kuielekeza kompyuta."

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vichache ghorofani, kimojawapo cha vile vyuo vilivyochipuka mjini siku zile kila mtu aliporuhusiwa kufungua chake. Kompyuta zilikuwa chache, na baadhi zilikuwa zimefunikwa kitambaa zikingoja spea kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi walizikalia kwa zamu, wawili kiti kimoja. Anayetaka kufanya mazoezi alijifanyia nyumbani kwa alichonacho, na nyumbani kwa baba yao, Mzee Mazengo, kilichokuwepo ni uwele wa mama, mabakuli, na Yudith.

Sheria ya mchezo ilikuwa moja. Mashine haikisii. Inafanya ilichoambiwa, haipunguzi, haiongezi.

Waliketi mkekani. Aneth alisoma mistari, Yudith akamimina vikombe vya uwele kwenye bakuli. Walipofika mstari wa nne, mkono wa Yudith ukasimama hewani.

"Nini?" Aneth akauliza.

"Si kitu."

"Sema, dada. Mashine ikikwama inalia, haiondoki zake kimyakimya."

Yudith akatazama vidole vya miguu. "Hiyo sawasawa. Mbona si sawa?"

Aneth alicheka kwa furaha. "Mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima! Hapo si 'sawasawa'. Hapo ni 'weka'. Chukua kilichomo ndani ya kibaba, ongeza haba, weka humo humo."

"Kwa nini wasiandike 'weka'?"

"Waliotengeneza walikuwa na haraka zao."

"Na ile ya juu?"

"Vilevile. Weka sifuri. Hiyo ndiyo adui yangu, kila siku naisahau. Mashine inaanza kuhesabu juu ya masalia ya jana, jibu linatoka la ajabu, mwalimu Yoramu ananichora wino mwekundu. Ndiyo maana nimeiandika kubwa."

Wakabadilisha zoezi. Aneth akamwambia ajaze bakuli kwa kikombe, likijaa alirudishe lote kwenye sufuria, kisha arudie. Kabla hajamaliza kusema, jirani akabisha kuomba chumvi. Aneth akatoka, na kwa kuwa chumvi ya Dodoma haitoki mkono kwenda mkono bila maneno, alikawia. Aliporudi alimkuta Yudith ameloa jasho usoni, anamimina, anarudisha, anamimina.

"Dada! Bado tu?"

"Hukusema mpaka lini."

Aneth alicheka hadi akakaa chini. "Ndiyo ugonjwa wenyewe huo! Kompyuta ikikosa 'mpaka', inazunguka milele."

"Na 'mpaka' ikiwepo?"

"Ikiwepo, inakaguliwa. Kila mzunguko mashine inauliza, tayari? Bado? Isipokaguliwa ni kama haikuandikwa."

"Kila mzunguko?"

"Kila mzunguko."

Yudith akashusha kikombe. Aliendelea kulitazama neno lile mlangoni hata Aneth alipokwisha kuondoka kwenda kuosha miguu.

*

Jumapili Mzee Mazengo alirudi kutoka kanisani akavua koti lake la reli, koti zito la buluu ambalo vifungo vyake viliishia Gulwe, akalitundika kwenye msumari wake wa siku zote. Kisha akakaa kitini, mikono mapajani.

Alikuwa amepunguzwa kazini mwaka juzi. Waliitwa majina uwanjani, wakapewa kiinua mgongo na barua, na bendera wakairudisha stoo. Familia ikahamia mjini, vyumba viwili na sebule kule Majengo. Sehemu ya kiinua mgongo ikawa mtaji wa nafaka wa mkewe Cecilia, sehemu kubwa ikawa ada ya Aneth. Yeye mwenyewe alibaki na koti. Akitaka gazeti humwambia mkewe, "Nikopeshe kidogo," na mkewe humpa akitazama pembeni, na neno "kukopesha" huibeba aibu yote bila kuomba msaada.

"Mbukwenyi!" Salamu ya Kigogo ikaingia kabla ya mwenyewe. Alikuwa Matonya, waliyefanya naye kazi Gulwe. Naye alipunguzwa, ila yeye aliangukia kuchuuza kuku kutoka kijiji cha Zuzu, na manyoya hayakumtoka kwenye kofia hata Jumapili.

"Karibu, Matonya. Kaa. Yudith, mletee baba yako mdogo chai."

"Shikamoo, baba mdogo," Yudith alisema kwa sauti ya kunong'ona.

"Marahaba. Huyu mtoto anasemea tumboni, Mazengo. Mtafutie spika."

Wakazungumza habari za kuku, bei na ugonjwa wa mdondo. Yudith aliporudi na sinia alimkuta Matonya amekunja uso, anatazama mlangoni na kusoma kwa kuvuta, kama alivyofundishwa kisomo cha watu wazima.

"Ba-ba... sa-wa-sa-wa... na si-fu-ri." Akageuka. "Mazengo, huyu baba ni yupi?"

"Baba gani?"

"Si huyo mlangoni! Baba sawasawa na sifuri!"

Koti lilikuwa limeangukia pale pale. Bega lake moja lilifunika herufi mbili za mwanzo, na mwili wake ukaimeza mistari yote ya chini. Iliyobaki, nyeupe juu ya kijani, ilikuwa BABA = 0.

"Wenzio reli walikupunguza wakakubakiza kidogo," Matonya alisema, machozi ya kicheko yanamtiririka. "Watoto wako wamemalizia hesabu! Ndugu yangu, afadhali mimi, kuku hawajui kuandika!"

Mzee Mazengo alicheka pia. Alicheka kicheko cha mwenye nyumba, kile kinachotolewa kwa mgeni kama maji ya kunawa. Yudith alikiona kikifika mdomoni na kisipande zaidi. Matonya alipoaga, mwenyeji alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akasimama mbele ya mlango.

"Nani kaandika?"

Aneth alitoka uani, mikono ina sabuni. "Mimi, baba. Lakini si hivyo." Akakimbia akainua bega la koti. "Tazama! Ni KIBABA."

Mzee Mazengo akaisoma. Akaisoma tena. Cecilia alikuwa ameacha kupepeta uwele, amesimama kwenye mlango wa uani na ungo mkononi.

"Ki-baba," mzee alisema taratibu. "Kama kijitu. Kama kizee. Kazini nimepunguzwa, nimerudi nyumbani nimepunguzwa tena. Nilikuwa baba, sasa kibaba. Na hicho kibaba chenyewe ni sifuri."

"Si wewe, baba! Ni kipimo. Ni jina la variable tu."

"La nini?"

"Variable. Ni... ni kitu kinachobadilikabadilika."

"Kigeugeu!" Akamgeukia mkewe. "Mama Yudith, umesikia? Sifuri, tena kigeugeu."

"Baba Yudith, mwache mtoto aeleze."

"Ameeleza. Tena kwa chaki." Akanyoosha mkono. "Kitambulisho cha chuo."

"Baba, Alhamisi ni mtihani. Bila kitambulisho hawaniruhusu kuingia chumba cha mtihani."

"Kitambulisho."

Aneth alikitoa ndani ya kitabu, kadi ndogo yenye picha na mhuri. Mzee Mazengo alikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kisha akalitundika koti upya, akalivuta kidogo kushoto, akarudi nyuma kutazama, akalivuta tena, mpaka KI ikafichika yote na BABA = 0 ikabaki peke yake.

"Asifute mtu," alisema. "Atakayeingia humu asome."

*

Hakufoka, hakumpiga mtu. Ingekuwa hivyo, mambo yangekwisha mapema. Kila asubuhi alivaa koti akatoka kuota jua, na kila aliporudi alilitundika kwa uangalifu ule ule. Mama mwenye nyumba alikuja kuulizia mambo ya choo, akasoma. Muuza maziwa akasoma. Mzee mwenyewe alikaa chini ya maandishi yale, kitini, kama mtu aliyekaa chini ya picha yake.

Jumanne, wakati wa chai, Cecilia alijaribu.

"Mtoto amekuomba radhi, Baba Yudith."

"Radhi ya sifuri ina uzito gani?"

"Usijifanyie hivyo."

"Nimejifanyia mimi? Miaka yote nimesimama juani Gulwe, wakanipa kiinua mgongo. Kilimwinua nani mgongo? Huyo Aneth. Aliposimama wima, urefu ukamfikisha kwenye msumari, akaandika."

Cecilia aliweka kikombe chini. Uwele ulikuwa unamngoja sokoni.

Siku hiyo Aneth alikwenda chuoni kuuliza kama angeweza kupewa kadi nyingine. Alirudi akakaa kitandani na viatu vyake, akamsimulia Yudith huku amejifunika uso kwa kitabu.

"Karani akaniuliza, kimepotea? Nikasema hapana. Kimeibwa? Hapana. Kiko wapi? Nikasema kiko nyumbani. Akasema, sasa si ukakilete, dada? Foleni nzima ikacheka."

"Ungemwambia baba kakasirika."

"Nimwambie nini? Kwamba baba yangu anagombana na zoezi?"

Yudith akakaa karibu naye. Alitaka kusema jambo, na jambo lenyewe hakulijua bado. Alichokuwa nacho ni ule mkono uliosimama hewani siku ile, na neno "weka".

*

Jumatano asubuhi alikwenda na mama yake soko la Majengo. Cecilia alibeba gunia la uwele kichwani bila kushika, akipita kati ya mikokoteni na kusalimia kushoto na kulia. Yudith alifuata na mabakuli. Wakatandika turubai mahali pao, wakajaza debe, na wateja wakaanza.

Kichwa cha Cecilia siku ile kilibaki nyumbani. Mteja wake wa zamani, Mwamvua mpika pombe, alisimama mbele akaagiza, na Cecilia akachota kwa bakuli moja kwa moja kwenye debe.

"Eh! Cecilia! Kung'uta kwanza!"

"Bakuli tupu hili, Mwamvua."

"Najua ni tupu. Nataka niuone utupu wenyewe."

"Leo huniamini?"

"Nakuamini wewe. Bakuli siliamini. Lisipokung'utwa, masalia ya mwenzangu yanabaki humo, kipimo changu kinaanza kimekwisha kuliwa. Kung'uta, mama, tuanze upya."

Cecilia akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Akaligeuza bakuli kifudifudi, akaligonga ukingoni mwa debe, ko, ko, akamwonyesha Mwamvua tumbo la bakuli kama mtu anayeonyesha kiganja. "Haya. Hamna kitu."

"Sasa pima."

Yudith alikuwa anafunga mfuko wa mteja mwingine. Mikono yake ikasimama. Miaka yote ile alikuwa amesikia ile ko, ko, mpaka masikio yake yakaacha kuisikia. Kila mpimaji katika soko zima alikuwa anaifanya, safu kwa safu. Hakuna aliyeligeuza bakuli kwa kulidharau. Bakuli lilikung'utwa kwa sababu linakwenda kujazwa.

"Mama."

"Nini?"

"Nipe bakuli moja."

"La kufanya nini? Na mimi nitapimia nini?"

"Hilo lililobanduka rangi."

Cecilia alimtazama binti yake, ambaye hakuwa na desturi ya kuomba kitu. Akampa bakuli, na vikombe kadhaa vya uwele kwenye mfuko wa karatasi, bila kuuliza zaidi.

*

Mzee Mazengo alikuwa kitini pake, chini ya maandishi, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Yudith aliingia, akasema shikamoo, akatandika mkeka mbele ya miguu yake. Akaweka sinia, akamwaga uwele juu yake, akaweka kikombe pembeni. Kisha akaligeuza bakuli akaligonga ukingoni mwa sinia.

Ko, ko.

Gazeti likashuka. "Unatwanga nini hapo?"

"Nakung'uta, baba."

"Kwa nini?"

Alitazama vidole vyake vya miguu na kwa mara ya kwanza vikamchosha. Akainua mkono, akaonyesha mlango.

"Huo mstari wa kwanza. Unasema hivi." Akaligonga tena bakuli. "Hausemi 'ni'. Unasema 'weka'. Mtu akitaka kupima anaanza kwa kukung'uta."

Mzee aliutazama mlango, kisha bakuli.

"Mama anakung'uta bakuli kila siku, baba. Hajawahi kulitukana."

Nje mkokoteni ulipita ukilia magurudumu. Mzee Mazengo akakunja gazeti mara mbili, akaliweka chini ya paja.

"Na kwa nini akaliita kibaba? Majina yamekwisha duniani?"

"Haba na haba, baba," Yudith alisema.

"Hujaza kibaba." Ilimtoka kabla hajaizuia, kama inavyomtoka kila mtu. Akabaki mdomo wazi kidogo. Kisha akajikohoza. "Ndiyo hicho?"

"Ndicho."

"Na huko chuoni, ndiyo wanayofundishwa? Kupima uwele?"

"Anapimisha mashine. Mashine haina akili, mpaka aielekeze neno kwa neno. Mimi huwa mashine."

"Wewe?" Mzee akamwangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba kiti kinaimba. Akasogea mbele. "Inakuwaje hiyo mashine?"

Yudith alimwita Aneth, ambaye alitoka chumbani kwa hofu, macho mekundu.

"Baba anataka kuwa mashine," Yudith alisema.

"Sikusema nataka. Nimeuliza inakuwaje." Lakini alikuwa amekwisha kushuka kitini, amekaa mkekani, miguu ameikunja, mgongo wima. "Haya. Nielekeze."

Aneth alimeza mate. "Kibaba, weka sifuri."

Mzee akaligeuza bakuli, ko, ko. Akalionyesha kulia na kushoto.

"Pokea haba."

Akanyoosha kiganja. Yudith akamwekea kikombe cha uwele. Mzee akakishika, akakaa kimya. Dakika ikapita.

"Baba, si umimine," Aneth alisema.

"Hujaamuru. Mimi nilikuwa reli. Pasipo amri sigusi kitu."

"Mstari wa nne umeamuru. Soma mlangoni."

Mzee Mazengo akanyanyua macho. Alichokiona mlangoni ni BABA = 0, na chini yake koti.

"Siuoni."

Wasichana wote wawili walitazama pembeni. Mzee alikishusha kikombe chake mkekani. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akaliondoa koti kwenye msumari. Kwa kuwa kulikuwa na baridi, akalivaa. Akarudi nyuma hatua chache, akasoma mistari yote kwa sauti, toka juu hadi chini, kidole kikifuata hewani. Wa nne ulimshika.

"Kibaba sawasawa na kibaba na haba? Hapa pamekosewa."

Aneth alimtazama dada yake, na wote wawili wakacheka bila kutaka.

"Weka, baba," Yudith alisema. "Ni weka."

"Aaa." Akakaa chini. "Kilichomo, na hiki, humo humo." Akamimina. "Halafu mpaka haba ziishe. Zimeisha?" Akatazama sinia. "Bado. Narudia?"

"Unarudia."

Akapokea, akamimina. "Zimeisha? Bado." Akapokea tena. Alikuwa amesahau kwamba anatazamwa. Alimimina taratibu, asimwage punje, na kila mara kabla ya kunyoosha kiganja aliinamia sinia na kuuliza kwa sauti. "Zimeisha? Bado." Uwele ulipanda bakulini, ukajenga kichuguu. Kikombe cha mwisho alikigonga chini ili kitoe chote. "Zimeisha?" Akapitisha kiganja juu ya sinia. "Zimeisha. Onyesha kibaba."

Akaliinua bakuli kwa mikono miwili, limejaa hadi kilele, na hapo ndipo Cecilia alipoingia kutoka sokoni na gunia kichwani.

"Baba Yudith, kumbe siku hizi nawe ni mpimaji?"

"Sipimi mimi. Mimi ni mashine."

"Mashine gani yenye koti?"

"Ya reli!" alisema, na safari hii kicheko kilipanda hadi machoni.

Alilipumzisha bakuli mkekani, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kadi. Aliifuta kwa kidole gumba, akaitazama picha, akampa Aneth.

"Kesho uende. Na ukisahau kukung'uta, usirudi hapa."

"Sitasahau, baba. Ahsante, baba." Aneth alipiga goti, kadi kifuani, machozi yanamtoka na anacheka.

Mzee bado alikuwa anatazama mlango, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Kazi yote iko kwenye hili 'mpaka'," alisema. "Mengine ni kumimina tu. Sasa aliyetoa amri akisahau kukagua, itakuwaje?"

"Mashine itabaki pale pale inazunguka," Aneth alisema.

"Haitamkumbusha?"

"Haiwezi, baba. Haina mdomo."

"Haina mdomo!" mzee akarudia, akifurahia.

Yudith alikuwa ameinama anaokota punje zilizorukia ukingoni mwa mkeka. Mbele yake Cecilia alilishusha gunia kutoka kichwani, peke yake, akaliweka sakafuni bila kishindo, akanyoosha mgongo akafuta jasho. Yudith aliweka punje bakulini. Hakutazama vidole vya miguu. Alimtazama baba yake usoni.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mama alishapona."